Vioo Vitatu kwenye Ukuta wa Nyuma

Nilipofika nyumbani Tlawi mwaka ule, baada ya kuzunguka miaka mingi kuliko niliyokusudia, mama hakunionyesha ukuta. Alinionyesha dari. Begi lilikuwa bado begani. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono na kunipeleka hadi katikati ya sebule, akaelekeza kidole juu.

"Hapo," alisema. "Panavuja. Dada yako amekuita kwa sababu ya hapo."

Dada yangu hakuwa ameniita kwa sababu ya hapo. Alinipigia simu nikiwa Masakta, nimepanga chumba kwa ajili ya vibarua vya mavuno ya mahindi, akaniambia kwamba ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama umetoka tumbo, na kwamba mama amesukuma kabati la vyombo mbele yake ili watu wasione. "Wewe ndiye umefanya kazi na mafundi," alisema. "Nenda ukaangalie. Ukisema haufai, namchukua aje kwangu."

Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka saba na ameolewa Katesh, kule Jorodom. Siku tope liliposhuka kutoka mlimani alisimama juu ya meza na kuona ukuta wa jirani yake ukilala chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Nyumba yake yeye ilibaki. Lakini ndani, usawa wa dirisha, kuna mstari wa tope ambao amepaka rangi juu yake mara mbili na kila mara unarudi. Tangu siku hiyo hakuna ukuta anaouamini.

Kuhusu mafundi, alikuwa sahihi nusu. Nimekuwa saidia fundi Arusha, Babati, Singida na mahali pengine ambapo sikukaa vya kutosha kujua jina la mtaa. Nimechanganya zege, nimebeba matofali, nimeshika ngazi. Fundi mwenyewe sikuwahi kuwa, kwa sababu kila nilipokaribia kuaminiwa mwiko nilikuwa nimeshaanza kuulizia magari ya kwenda kwingine. Nilichojifunza zaidi ni dari. Mtu wa vyumba vya kupanga hujua dari kabla hajawajua majirani. Singida nililala chini ya magunia ya sukari yaliyoshonwa na kupakwa chokaa. Babati, mabati matupu yaliyokuwa yakilia kila jua lilipochomoza. Na katika kila chumba, kabla ya usingizi, niliiona dari ya bluu ya sebule ya mama, ambayo baba aliipaka rangi iliyobaki kutoka kanisani. Nilikuwa na hakika kwamba siku nikirudi itakuwa vile vile.

Ilikuwa na doa la rangi ya chai ya rangi, duara ndani ya duara, kila duara mvua moja. Ubao mmoja wa siling bodi ulikuwa umelegea katikati kama chandarua.

Kwa hiyo nilianza na dari, na nakiri nilifurahi. Nilipanda juu kupitia tundu la jikoni, nikatambaa juu ya mbao hadi usawa wa doa, nikatulia gizani. Jua lilipotoka nyuma ya wingu niliona nukta ya mwanga kwenye bati, ndogo kama punje ya mtama. Raba ya msumari ilikuwa imekauka na kupasuka, maji yakawa yanafuata msumari hadi kwenye mbao na kutoka hapo hadi kwenye dari. Kazi ya namna hiyo ina mwanzo na mwisho. Nilichemsha lami kwenye kopo, nikaziba kila msumari wa upande ule kwa lami na kipande cha gunia, nikabandua ubao uliolegea na kupigilia mwingine. Sikupata rangi ya bluu. Ubao mpya ulibaki mweupe katikati ya wenzake.

Mama aliutazama kwa muda mrefu. "Kama jino la bandia," alisema, akacheka hadi akashika meza.

"Sasa tusogeze kabati," nilisema.

"Kabati lina nini?"

"Nataka kuona ukuta."

"Lina vyombo."

"Tutavitoa vyombo."

"Kesho," alisema.

Alisema kesho siku tatu. Ya nne ilikuwa Jumapili. Alipokwenda kanisani nilitoa vikombe, nikatoa sahani, nikasogeza kabati peke yangu.

Nyuma yake alikuwa ametundika kalenda tatu za miaka iliyopita na picha yangu ya kumaliza kidato cha nne, katika fremu ya kioo. Nilizitoa zote. Ukuta ulikuwa umevimba kuanzia usawa wa magoti hadi usawa wa kifua. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha dogo na kushuka kwa ngazi, tofali kwa tofali, ukifuata udongo uliounganisha matofali. Juu uliingia kidole, chini ulikuwa uzi. Sehemu ya chini plasta ilikuwa na unga mweupe wa chumvi. Niligonga kwa kifundo cha kidole. Plasta iliyo hai hujibu kwa ufupi. Hii ilijibu kama debe.

Mama alirudi na kitambaa chake cha kanisani kichwani, akanikuta nimesimama pale. Hakukasirika.

"Umeshaona," alisema. "Basi rudisha kabati."

Kabla ya kumwita fundi nilifanya jaribio nililojifunza Arusha. Nilikata kipande cha nailoni, nikakibandika ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, hewa isiingie. Asubuhi ukikuta maji juu ya nailoni, unyevu ni wa chumbani, wa pumzi na masufuria; fungua madirisha. Ukikuta maji chini yake, yanatoka ndani ya ukuta. Asubuhi nailoni ilikuwa kavu kwa nje, na kwa ndani matone yalikuwa yamejipanga kama jasho kwenye mdomo wa juu wa mtu mgonjwa. Na kilikuwa bado kiangazi, mvua haijafika.

Fundi niliyemwita alikuwa mzee wa Dongobesh, kutoka familia ya wafanyabiashara waliohamia huku kutoka mbali, ila yeye alikataa duka akiwa kijana na kushika mwiko. Aliingia, akapokea shikamoo yangu, akasimama mbele ya ukuta na mikono nyuma.

"Mama," alimwambia mama, "ukuta wako una mimba."

"Ya miezi mingapi?"

"Huyu ameshachelewa kliniki."

Mama alicheka tena, akaenda kuchemsha chai. Alipotoka tu, uso wa fundi ulibadilika. Aliteremsha timazi kutoka juu ya ukuta, akanionyesha umbali kati ya uzi na tofali. Kisha akachukua tindo na kubandua plasta pembeni, mahali pa ukubwa wa sahani. Plasta ilitoka nzima, ngumu, nene. Nyuma yake tofali lilikuwa laini. Alilisukuma kwa kidole gumba na kidole kikaingia, kama andazi lililozamishwa kwenye chai.

Tulizunguka nje. Huko nyuma hakuna pa kupita, na hili linahitaji maelezo kwa mtu asiyetoka kwetu. Babu zetu walichimba nyumba zao ndani ya kilima. Walikata mteremko, mgongo wa nyumba ukawa ni ardhi yenyewe, paa likawa la udongo, na mgeni mbaya aliyepita juu asingejua kwamba anakanyaga nyumba ya mtu. Baba alipopata matofali ya udongo na mabati alijenga ya kisasa, lakini mkono wake ulikuwa wa zamani. Alikata mteremko, akasimamisha ukuta wa nyuma ukigusa udongo wa kilima hadi karibu na dirisha. Alisema nyumba isiyo na kilima mgongoni ni kama mtu aliyesimama kwenye upepo. Wengi wa rika lake walijenga hivyo, na hakuna aliyewaambia kwamba ardhi iliyokuwa rafiki wa miti na fito si rafiki wa tofali.

"Lakini hizi nyumba zimekaa," nilimwambia fundi. "Hii ina miaka zaidi ya thelathini."

"Zimekaa kwa sababu ya mama zenu," alisema. "Ukuta wa udongo unapumua kama ng'ombe. Maji ya kilima yanaingia kwa nyuma, yanatokea ndani kidogo kidogo, moto wa jikoni unayakausha. Mama anapaka mavi ya ng'ombe na majivu, mwaka ukiisha anapaka tena. Hapa alikuja mtu akauvalisha koti la mvua kwa ndani. Maji yanaingia, hayana mlango wa kutokea. Yamekaa humo yanakula tofali." Aliangalia kipande cha plasta mkononi mwake. "Nani alipiga hii?"

"Mafundi wa hapa."

"Kwa amri ya nani?"

"Sijui," nilisema.

Nilijua. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nikiwa Arusha, nilituma saruji kwa lori lililokuwa likipandisha mizigo Mbulu. Nilituma na maneno: wapige plasta ndani, sebule yote, na ukuta wa nyuma wauzidishie. Nilikuwa na sababu. Nikiwa kidato cha tatu nilimleta nyumbani rafiki wa shule, mtoto wa mjini, na alipoingia sebuleni aliuliza ni harufu gani hii. Ilikuwa wiki ya kupaka ukuta. Nilijibu kwamba ndama amelala ndani. Saruji ile ilikuwa zawadi yangu ya kwanza kwa mama, na kwa kweli ilikuwa ya mwisho ya ukubwa ule. Niliambiwa kwamba alisimama kanisani kushukuru. Sikuja kuiona. Nilikuwa nimeshahama Arusha.

"Tukikata kilima nyuma?" nilimuuliza fundi.

"Ukikata, ukuta unaanguka kwa nje. Sasa hivi kilima ndicho kimeushika. Ukiacha, unaanguka kwa ndani, kwa sababu kilima hicho hicho ndicho kinausukuma."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunywe chai," alisema.

Tulifanya yale yanayofanywa. Tulichimba mtaro juu kabisa ya mteremko ili maji ya mvua yakwepeshwe kabla hayajafika nyuma ya nyumba. Tulibandua plasta yote ya ukuta ule, saruji yangu yote, nikaibeba nje kwa karai na kujaza mashimo ya njia. Tuliuegemeza ukuta kwa nguzo tatu za mkaratusi. Matofali yakabaki uchi, mekundu, yakianza kukauka, na chumba kikanuka udongo. Mama alipita kati ya nguzo akienda na kurudi kana kwamba zilikuwepo siku zote. Aliitundika tena picha yangu, safari hii kwenye nguzo ya katikati.

Dada alikuja Jumamosi. Alikataa kukaa kwenye kiti kilichoupa ukuta mgongo. Alianza kwa Kiswahili, kwa heshima ya fundi, kisha akahamia Kiiraqw kama tunavyofanya tukitaka mgeni asitusikie.

"Endeleeni tu," fundi alisema akipuliza chai. "Nimekaa hapa tangu utoto. Hata matusi nayajua."

Dada aliona aibu, akarudi kwenye Kiswahili. "Mama, twende tu. Chumba kipo, kitanda kipo."

"Kwako tope liliingia dirishani," mama alisema. "Kwangu halijaingia."

Nilidhani dada atanyanyuka. Hakunyanyuka. "Ndiyo, liliingia," alisema. "Kwa hiyo najua. Ukuta hauna shikamoo, mama. Hausalimii kwanza."

"Mimi huu nimeupaka kwa mkono huu miaka yote. Nitajua ukitaka kuanguka."

"Utajuaje?"

"Nitajua."

Fundi ndiye aliyeleta habari ya vioo. Alisema wanadamu wakibishana juu ya ukuta, kila mtu huona anachotaka, ila kioo hakina ndugu. Alichukua kioo cha dirisha kilichokuwa kimepasuka kule stoo, akakikata kwa kisu chake cha almasi vipande vitatu vyembamba, vilivyonyooka kama rula. Alivibandika kwa saruji juu ya ufa, kimoja juu, kimoja kati, kimoja chini, kila kimoja kikiwa na mguu mmoja upande huu wa ufa na mwingine upande ule. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo kinakatika. Usiposogea, kinabaki. Niliandika tarehe kwa penseli chini ya kila kimoja.

"Sawa," dada alisema. "Vikifika Krismasi vikiwa vizima, mama anabaki kwake, na mimi nafunga mdomo. Kikivunjika hata kimoja, anakuja Katesh kabla ya masika."

Sote tulimtazama mama.

"Haya," alisema, kwa sauti anayomjibia muuguzi.

Mvua zilianza mwishoni mwa Novemba. Kila asubuhi, baada ya chai, nilienda kuviangalia vioo vile. Mtaro wa juu ulifanya kazi. Nilisimama kwenye mvua na koti kichwani nikiyaangalia maji yakigeuka pale tulipoyaambia yageuke, yakienda kwenye shamba la viazi la mama. Vioo vilikaa. Nilianza kufikiria mambo ambayo sikuwa nimeyafikiria kwa miaka. Nilifikiria kwamba nikibaki, mwaka unaofuata tungejenga ukuta mpya, hatua mbili mbele ya ule wa zamani, na kuuacha wa zamani kwa kilima. Nilifikiria kununua rangi ya bluu kwa ajili ya ule ubao mweupe. Mama alikuwa akiniuliza kila siku, "Vipi wazee wako watatu?" nami nikimjibu kwamba wameamka salama.

Katikati ya Desemba fundi alipata kazi Dongobesh, akaniomba nimsaidie siku tatu. Nilikwenda. Siku ya pili ilinyesha mvua ambayo hatukuweza kusikilizana chini ya bati. Niliporudi nilipitia ukutani kabla hata ya kuvua viatu. Vioo vitatu, vyote vizima. Nilimpigia dada pale pale.

"Vyote?" aliuliza.

"Vyote. Na mvua ile."

"Basi Mungu ni mwema," alisema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepumzishwa mzigo, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa akitaka kushinda.

Asubuhi iliyofuata jua liliingia moja kwa moja kwa mlango wa mbele. Kioo cha juu kiling'aa, cha chini kiling'aa, cha kati kiling'aa vibaya. Nilisogea. Pembe zake hazikuwa za rula. Zilikuwa na meno, kama kitu kilichovunjwa kwa kugongwa na jiwe ndani ya kitambaa. Saruji iliyokishika ilikuwa imechanganywa na kitu kingine, na niliponusa, nilijua ni mavi ya ng'ombe. Tarehe yangu ya penseli ilikuwa imefunikwa nusu na kidole kilichosawazisha.

Nilitazama nguzo ya katikati. Picha yangu ilikuwepo, fremu ilikuwepo. Kioo hakikuwepo. Uso wangu wa kidato cha nne ulikuwa umeanza kukunjamana kwa unyevu.

Mama alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage.

"Mama, kioo cha kati kimebadilishwa."

"Kilivunjika nikifagia."

"Ufagio unafika pale?"

Aliendelea kuchambua. Aliokota kijiwe, akakitupa mlangoni. "Chai yako inapoa," alisema.

Nilikaa chini, mlangoni, kama nilivyokuwa nikikaa zamani. Nikamwambia nilichomficha fundi na nilichomficha yeye: kwamba si kilima peke yake, si uzee. Ukuta uliharibiwa na plasta. Saruji niliyotuma mimi.

"Najua," alisema.

"Fundi alikuambia?"

"Fundi ataniambia nini? Mwaka wa pili tu ilianza kutoa jasho. Mwaka wa tatu ikatoa ule unga. Nilikuwa naufuta kabla watu hawajaingia. Baadaye nikanunua kabati."

"Kwa nini hukunipigia? Tungeibandua wakati ule, ukuta ungepona."

"Ungesema nimekataa zawadi yako," alisema. "Na wewe ulikuwa hurudi. Ningekupa na sababu ya kutorudi?"

Alinisogezea ungo, tukachambua maharage wote wawili. Baada ya muda alisema, bila kunitazama, "Wewe umelala nyumba ngapi? Hata hesabu huna. Mimi nina hii. Kaa kimya, mwanangu. Wiki moja tu, Krismasi ipite."

Nilikaa kimya siku mbili. Siku ya kwanza niliondoa kile kioo cha meno na kubandika kingine, nilichokata kwenye mabaki ya stoo. Nilijiambia kwamba huenda ukuta ulisogea mara moja na kutulia. Siku ya pili mvua ilinyesha tangu asubuhi hadi alasiri. Kioo changu kilikatika nikiwa mle mle sebuleni. Sikukiona kikikatika, nilikuwa nimegeuka nikikausha sakafu kwa gunia. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu amekanyaga punje ya sukari.

Mama alikuwa amelala mchana ule kwenye kitanda chake, ambacho sasa kabati lilikitenga na sebule, miguu imeelekea ukuta ule ule.

Nilitoka nje, nikampigia dada, nikamwambia. Hakuniuliza kwa nini nilisema vingine kabla. "Nitakuja Jumamosi," alisema tu.

Mama hakubisha. Ingekuwa afadhali angebisha. Ijumaa aliniomba nimletee mavi ya ng'ombe kwa jirani, kwani ng'ombe wake mwenyewe alikuwa ameshauzwa, na nichekeche majivu. Nilimchanganyia kwenye beseni hadi akasema imetosha. Alipanda juu ya kigoda na kuanza kupaka ukuta ule uliokuwa uchi, kwa kiganja, nusu duara juu ya nusu duara, akizizunguka nguzo, akipita juu ya ufa. Alipofika kwenye vioo aliviacha viwili vilivyobaki, akapaka pembeni yake kwa uangalifu, kama mtu anayepita kando ya jicho. Alipaka hadi mkono ulipofika. Sehemu ya juu alinipa mimi. Mara mbili aliniambia nisikandamize sana. Harufu ilijaa nyumba nzima, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba ndiyo harufu niliyokuwa nikiitafuta katika vyumba vyote vile.

Jumamosi dada alimchukua. Walibeba vyombo, kabati halikuingia kwenye gari.

Januari mimi na fundi tulishusha mabati, kwa sababu nyumba isiyo na mtu haikai na mabati yake muda mrefu, na dada alikuwa na jiko lisilo na paa. Dari ilibidi ibanduliwe kwanza. Mbao za bluu zilivunjikavunjika zilipofika chini. Ule mweupe ulitoka mzima. Sikujua niufanyie nini, nikauegemeza ukutani, nikauacha.

Nilikuwa nimesema nitabaki. Nilibaki hadi Februari.

Sasa nipo Masakta tena, chumba kingine, dari ya maboksi yaliyobandikwa na unga wa ngano. Mwaka umepita na miezi kadhaa. Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya Mbulu mjini nikashukia Tlawi. Kuta za mbele na za pembeni zimeliwa na mvua hadi kiunoni, udongo wa kati ya matofali umekwisha, magugu yameota sebuleni. Ukuta wa nyuma umesimama. Tumbo liko pale pale, nguzo moja imelala, ile rangi ya majivu imebaki juu kama ramani. Fundi aliniambia baadaye kwamba ni kawaida, ukuta ukitolewa mzigo wa paa hujibeba. Pengine. Pengine ungejibeba hata na paa, mwaka mmoja, miaka mitano, idadi ya miaka aliyobakiwa nayo mama. Kioo hakisemi lini. Nilitafuta vile vioo viwili vya fundi vilivyobaki. Cha chini kilikuwa bado kizima.

Mama haumwi. Dada anasema anakula, anasali, anakaa uani. Anasema kila asubuhi akiamka anaweka kiganja kwenye ukuta wa chumba chake, juu kidogo ya ule mstari wa tope, halafu anakinusa.

Jioni ya siku niliyoshukia Tlawi mama alinipigia. Alikuwa amesikia kwamba nilipita nyumbani. Tulisalimiana, akauliza habari za kula na za afya, na kisha akauliza alichopigia.

"Ukuta umeanguka?"

Nilikuwa nimekaa kitandani. Nilifikiria dada na lile jiko lake lenye mabati yetu, nikafikiria mkono wa mama kwenye ukuta usio wake.

"Umeanguka, mama."

"Kwa ndani?"

"Kwa ndani. Pale pale kwenye kitanda."

Alivuta pumzi. Nilidhani nimempa kitu. Niliwasikia kuku wa dada nyuma yake, na mtu akimwaga maji.

"Saa ngapi?" aliuliza.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. "Watu wanasema asubuhi," nilisema. "Saa nne, saa tano."

Niliangalia simu kama imekatika.

"Basi ukuta usingenikuta," alisema. "Saa hizo huwa niko shambani."